Mtoto yuko chuo, nani anaongea naye?

Wazazi wengi huona kazi kubwa imekwisha siku mtoto anaposhuka Stendi ya Nyegezi akiwa na begi, godoro na barua ya kukubaliwa chuo. Ada ya muhula imelipwa, chumba kimepatikana Malimbe au Nyamalango, fomu ya mkopo imejazwa. Kilichobaki, wanasema, ni yeye kusoma.

Miezi minane au tisa baadaye baadhi yao hupata habari wasiyoitegemea. Mtoto ana masomo matatu ya kurudia. Au ameacha kupokea simu. Au jirani mwenye binti chuo hicho hicho anauliza kwa sauti ya chini, “Hivi kijana wako bado yupo?”

Mara nyingi si kwamba kijana huyo hana akili. Amefaulu kidato cha sita, akili anayo. Alichokosa ni mtu mmoja wa kukaa naye chini kila baada ya muda, akamuuliza masomo yanakwendaje, akasikiliza jibu hadi mwisho, kisha akamsaidia kupanga hatua inayofuata. Mazungumzo ya aina hiyo, ya watu wawili tu, yamefanyiwa utafiti na yameonekana kusaidia. Habari njema kwa mzazi ni kwamba hayahitaji fedha nyingi wala shahada ya saikolojia.

Kengele hailii tena

Nyamagana ni wilaya ya vyuo. Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kilichoanza mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo Nyegezi na kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Juu ya kilima cha Bugando, jirani na hospitali ya rufaa ya kanda, kuna chuo kikuu cha sayansi za afya, CUHAS. Butimba kuna chuo cha ualimu, Nyegezi kuna chuo cha uvuvi na Capri Point kuna chuo cha Benki Kuu. Vijana wanatoka Magu, Kwimba, Sengerema, Ukerewe, Geita, Bariadi na mikoa ya mbali zaidi.

Wengi wao wametoka shule za bweni. Huko kengele iliwaamsha, mwalimu wa zamu aliwahesabu, jioni walipelekwa darasani kujisomea. Asiyeonekana alitafutwa. Chuoni hakuna kengele. Mhadhiri anaingia ukumbini penye mamia ya wanafunzi, anafundisha, anaondoka. Asiyekuwepo hatafutwi na mtu.

Mzazi ambaye hakupita chuo anahitaji kujua jinsi alama zinavyopatikana. Katika vyuo vingi, mtihani wa mwisho wa muhula si kila kitu. Sehemu ya alama, mara nyingi 40 kati ya 100, hutokana na majaribio na kazi zinazotolewa katikati ya muhula. Mwanafunzi aliyekosa jaribio la wiki ya sita anaingia kwenye mtihani wa mwisho akiwa tayari ameacha alama njiani. Ndiyo maana kusubiri matokeo ndipo uulize ni kuchelewa.

Wanafunzi wana maneno yao kwa yanayofuata. “Sapu” ni mtihani wa marudio. “Keri” ni kubeba somo ulilofeli hadi mwaka unaofuata. “Disko” ni kukatishwa masomo kabisa kwa sababu wastani umeshuka chini ya kiwango cha chuo. Ukisikia moja ya maneno haya kwenye simu ya mwanao, usidhani anaongelea muziki.

Gharama yake ni kubwa. Anayesomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutakiwa kufaulu ili fedha ziendelee kutoka mwaka hadi mwaka. Akikatishwa masomo, deni halifutiki. Sheria inataka mkopaji aliyeajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kurudi nyumbani bila cheti huku deni linakusubiri ni mzigo mzito kwa kijana wa miaka 21. Kwa anayesomeshwa na familia, deni hilo liko kwenye VICOBA ya mama, au lilikuwa ng'ombe wawili ambao hawapo tena zizini.

Simu ya Jumapili jioni

Wazazi si kwamba hawapigi simu. Wanapiga. Lakini simu nyingi zinakwenda hivi:

“Hujambo?”

“Sijambo, shikamoo mama.”

“Marahaba. Masomo yanaendaje?”

“Vizuri tu.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Haya, soma mwanangu. Unajua hali yetu huku nyumbani. Usituangushe.”

“Sawa mama.”

Dakika mbili zimekwisha. Mama anakata simu akiwa ametulia, mtoto anaiweka mezani akiwa na mzigo zaidi ya aliokuwa nao. Ameulizwa swali ambalo jibu lake linajulikana mapema. Akakumbushwa ng'ombe. Hakuna mahali pa kusema, “Mama, nimepata 7 kati ya 20 na sijui nianzie wapi.” Kusema hivyo baada ya “usituangushe” ni kama kukiri kosa polisi.

Ndivyo uongo unavyoanza. Kijana anayesema “vizuri tu” mwezi Desemba hulazimika kuendelea kusema hivyo Februari na Mei, hata mambo yanapoharibika. Wapo wanaofika hatua ya kuomba ada ya mwaka ambao hawakusajiliwa. Wengi wao hawakuanza na nia ya kudanganya. Walikosa njia ya kurudi nyuma.

Kocha haingii uwanjani

Njia nyingine ya kuzungumza inafanana na kazi ya kocha. Mashabiki wa Pamba Jiji wanajua kocha hapigi mpira hata mmoja siku ya mechi. Kazi yake ni kumtazama mchezaji, kumuuliza, kumwonyesha anapokosea, kukubaliana naye zoezi la wiki, na wiki inayofuata kuangalia kama zoezi limefanyika. Mpira unabaki mguuni kwa mchezaji.

Kocha wa mwanafunzi ni hivyo hivyo. Hafundishi uhasibu wala anatomia, kwa hiyo mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kuifanya kazi hii. Si polisi wa kupeleleza. Si daktari wa magonjwa ya akili. Ni mtu anayeuliza maswali yanayomfanya mwanafunzi ajione mwenyewe, achague hatua moja, kisha aulizwe kuhusu hatua hiyo.

Jambo hili si geni kwetu. Usukumani vijana walikaa na wazee jioni kwenye shikome, kando ya moto, wakafundishwa mambo ya ukubwani. Pwani msichana alikuwa na somo wake, mtu mzima mmoja wa kumwambia yale ambayo mama mzazi angeona haya kuyasema. Kijana aliye peke yake geto, akiwa na simu na kitanda, hana shikome wala somo.

Utafiti umeonyesha nini

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Eric Bettinger na Rachel Baker, walichunguza wanafunzi zaidi ya 13,000 wa vyuo mbalimbali. Kwa njia ya bahati nasibu, baadhi walipewa kocha aliyewasiliana nao mara kwa mara, zaidi kwa simu, na wengine hawakupewa. Makocha waliongea nao kuhusu malengo, kupanga muda, fedha, familia na kazi.

Baada ya miezi sita, waliobaki chuoni katika kundi lisilo na kocha walikuwa takriban 58 kati ya kila 100. Katika kundi lenye kocha walikuwa 63. Tofauti ilionekana hata mwaka mmoja baada ya makocha kumaliza kazi yao.

Watano kati ya mia si muujiza, na mzazi asitarajie muujiza. Lakini fikiria ukumbi wenye wanafunzi 300. Watano kwa kila mia ni vijana 15 ambao wangerudi nyumbani na sasa wanaendelea na masomo. Kwa familia ya mmoja kati ya hao 15, tofauti hiyo ni kila kitu.

Nchini Kanada, Philip Oreopoulos na Uros Petronijevic walijaribu njia tatu kwa wanafunzi zaidi ya 4,000. Kundi moja lilipewa zoezi la kujaza kwenye mtandao kuhusu malengo yao. Kundi jingine lilitumiwa pia ujumbe mfupi wa simu wenye ushauri na kutiwa moyo. Kundi dogo lilipewa kocha wa kuonana naye ana kwa ana. Zoezi la mtandaoni halikubadilisha alama. Ujumbe mfupi haukubadilisha alama. Waliokuwa na kocha alama zao zilipanda waziwazi.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapo. La kwanza, makocha hao hawakuwa maprofesa. Walikuwa wanafunzi wa miaka ya juu wa chuo hicho hicho. La pili, ujumbe wa “Soma kwa bidii mwanangu, Mungu akutangulie” unaotumwa WhatsApp kila asubuhi ni mzuri kwa upendo, lakini peke yake hauinui alama. Kinachosaidia ni kuulizwa, kusikilizwa na kufuatiliwa.

Hapa Afrika kuna ushahidi wa jirani kuhusu nguvu ya mazungumzo ya watu wawili. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kufundisha akina bibi wa Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye sonona na msongo. Bibi hampi mtu majibu. Anamsaidia kutaja matatizo yake yote, kuchagua moja, na kutafuta hatua moja anayoiweza. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Mazungumzo yenyewe yanakwendaje

Mfano ufuatao ni wa kutunga, lakini mwanafunzi yeyote wa Malimbe atautambua. Kijana wa mwaka wa kwanza anapitia kwa shangazi yake Buhongwa Jumapili mchana. Wamekubaliana kuonana kila baada ya wiki mbili.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba baba. Chai iko kwenye chupa. Wiki hizi mbili zimekuwaje?”

“Nzuri tu.”

“Haya. Katika masomo yote matano, lipi ukilifikiria unaona uzito?”

“Uhasibu.”

“Uzito uko wapi?”

“Ile tesiti ya kwanza nilipata saba.”

“Kati ya ngapi?”

“Ishirini.”

Hapa shangazi angeweza kushika kichwa na kusema, “Saba! Na baba yako anavyohangaika!” Hasemi. Anamimina chai.

“Ilikuwaje?”

“Pindi lenyewe ni saa moja asubuhi. Nachelewa kulala. Washkaji wanakuja geto kuangalia mpira.”

“Wanakuja mara ngapi?”

“Karibu kila siku. TV iko kwangu.”

“Kwa hiyo unavyoona wewe, shida ni uhasibu au ni usiku?”

Kijana anacheka. “Ni usiku.”

“Tesiti ya pili ungependa upate ngapi?”

“Hata kumi na nne.”

“Wiki hii ufanye kitu gani kimoja kitakachokusogeza?”

“Nisikose mapindi yote mawili ya uhasibu.”

“Nini kinaweza kukuzuia?”

“Jumatano kuna mechi.”

“Utafanyaje?”

“Mechi nitaenda kuangalia kibandani, saa nne naondoka nikalale. Hapo hakuna wa kunifuata geto.”

“Sawa. Tukionana tena nitakuuliza hayo mapindi mawili tu.”

Mazungumzo hayo hayazidi dakika kumi. Shangazi hajui uhasibu, na hakutoa ushauri hata mmoja. Lakini yamefanyika mambo manne. Tatizo lenyewe limepatikana, na si lile lililodhaniwa. Lengo lina namba. Hatua ni moja, ndogo, na ameichagua kijana mwenyewe. Na kikwazo kimefikiriwa kabla hakijafika.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu anayepanga kwa mtindo wa “likitokea hili, nitafanya hili” hutekeleza zaidi kuliko anayesema tu “nitajitahidi”. “Nitasoma zaidi” haina siku wala saa. “Jumanne saa kumi jioni nikitoka darasani napitia maktaba kabla ya kwenda geto” ina vyote viwili.

Maswali ya kuuliza na ya kuacha

Wanaofundisha mazungumzo ya namna hii, wakiwemo wahudumu wa afya wanaosaidia watu kuacha pombe au kufuata dawa, husisitiza maswali ambayo hayajibiki kwa “ndiyo” au “hapana”. Mzazi anaweza kuanza na haya:

Wiki hizi mbili kitu gani kimeenda vizuri? Anza na hili kila mara, hata kama unajua kuna tatizo. Anayeanza kwa kutaja alichofaulu hupata nguvu ya kutaja alichoshindwa.

Somo gani linakupa shida, na shida yenyewe iko wapi? Kutoelewa mhadhiri, kukosa vitabu, kuchelewa na kuogopa kuuliza ni shida nne tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Umeshajaribu nini? Kijana si mtungi mtupu. Mara nyingi ameshajaribu kitu, na kujua kwa nini hakikufanya kazi kunaokoa muda.

Nani hapo chuoni anaweza kukusaidia? Vyuo vina mshauri wa wanafunzi, na wanafunzi wengi hupangiwa mhadhiri wa kuwashauri kuhusu masomo. Wengi humaliza mwaka bila kubisha mlango huo.

Utafanya nini, lini na wapi? Na mimi nikuulize lini?

Maswali ya kuacha ni yale yenye hukumu ndani yake. “Kwa nini hukusoma?” humfanya mtu ajitetee. “Mbona mwenzako fulani amepata A?” humfanya amchukie mwenzake. “Unajua tumeuza nini kwa ajili yako?” humfanya afiche. Yote matatu yanaweza kuwa ya haki kabisa, lakini hakuna hata moja linalompeleka maktaba.

Nani awe kocha

Mzazi anaweza, lakini si lazima awe yeye. Kuna baba ambao mtoto akisikia sauti yao tu anasimama wima. Baba wa namna hiyo afanye busara ya kutafuta mwingine: mama mdogo, mjomba, binamu aliyemaliza chuo, mwalimu wa zamani, jirani anayefanya kazi mjini. Sifa zinazotakiwa ni tatu. Awe anaheshimika na kijana, awe na muda wa kudumu, na awe na kifua cha kutunza siri.

Siri ni jambo ambalo wazazi hulivunja upesi. Kijana akimwambia mama mdogo kwamba ana sapu mbili, na jioni hiyo hiyo baba akapiga simu akifoka, mazungumzo yamekufa na hayatafufuka. Ni vizuri mkakubaliana tangu mwanzo: yatakayosemwa yanabaki hapa, isipokuwa kama uhai au usalama wa mtu uko hatarini. Mzazi asimhoji kocha kama anayemhoji shahidi. Amuulize tu, “Mnaonana?” Inatosha.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu ni chaguo zuri, kama lilivyoonekana Kanada. Anajua mhadhiri yupi anatoa majaribio ya kushtukiza, madesa yapi yana makosa na ofisi ipi inafunguliwa saa ngapi. Familia ikimfahamu kijana mwenye adabu wa kozi hiyo hiyo, imwombe. Wanafunzi wa kike ni vyema wakapata kocha wa kike, au mtu ambaye familia inamfahamu vizuri, na waonane mahali pa wazi. Anayetaka kumfundisha binti peke yake chumbani kwake usiku si kocha.

Muda nao upangwe. Wiki ya tatu ya muhula ni wakati wa kuuliza ratiba na kujua majaribio yako lini. Mara tu baada ya jaribio la kwanza ndio wakati muhimu kuliko wote, kwa sababu alama zimeonekana na muhula bado unarekebishika. Wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho ni wakati wa kupanga marudio. Katikati ya hapo, dakika 20 hadi 30 kila baada ya wiki mbili zinatosha. Kama ni kwa simu, apige kocha. Kijana aliyekwama hapigi.

Bumu, usingizi na tumbo

Mazungumzo ya masomo mara nyingi huishia kwenye mambo ambayo hayako darasani.

La kwanza ni fedha. Mwanafunzi mwenye mkopo wa chakula na malazi hupewa Sh10,000 kwa siku, kiwango kilichopandishwa kutoka Sh8,500 mwaka 2022. Lakini haji kuipokea kila asubuhi. “Bumu” hutoka kwa mkupuo. Akipewa ya siku 60 anashika Sh600,000 kwa siku moja, na kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe huo ni mtihani kabla ya mtihani. Wengine hununua simu, wengine huweka mikeka ya kubeti. Wiki ya tano anashindia chai, na mwenye njaa hasomi. Kocha anaweza kukaa naye siku fedha inapoingia wakaigawa kwa wiki: kama Sh70,000 kwa wiki, kodi ya chumba ikitolewa kwanza. Nyumbani wanaweza kusaidia kwa kutuma kidogo kidogo badala ya yote mara moja, au kumtumia dagaa, mchele na maharage kwa basi.

La pili ni usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa usiku. Kukesha ukipiga msuli usiku wa kuamkia mtihani huonekana ni bidii, lakini ubongo huhitaji usingizi ili kuyahifadhi yaliyosomwa mchana. Swali la “unalala saa ngapi?” ni swali la masomo.

La tatu ni afya yenyewe. Macho yanayouma, malaria isiyotibiwa vizuri, ujauzito unaofichwa, vidonda vya tumbo. Kijana anayeshuka ghafla aulizwe kwanza kuhusu mwili wake kabla ya kuambiwa ni mvivu. Akiwa mgonjwa kweli, vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mtihani au masomo, lakini barua na cheti cha daktari vinatakiwa kabla ya mtihani, si baada ya kufeli.

Mahali kocha anapoishia

Kuna mambo ambayo mazungumzo ya kocha hayatoshi, na kuyalazimisha ni hatari. Kijana aliyejitenga kwa wiki kadhaa, asiyelala au anayelala kutwa, aliyeacha kula, asiyefurahia chochote alichokipenda, anayekunywa kila siku, au anayesema maneno kama “bora nisingekuwepo” anahitaji mtaalamu. Maneno hayo ya mwisho yasichukuliwe kama utani wala kama kukosa imani. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na anayeanzia Sekou Toure au kituo cha afya kilicho karibu atapewa rufaa. Mshauri wa wanafunzi chuoni naye aambiwe.

Kocha pia hawezi kulipa ada. Kama tatizo ni kwamba familia haijamaliza karo na kijana amezuiwa kufanya mtihani, anachohitaji ni mzazi kwenda ofisi ya uhasibu ya chuo kuomba kulipa kwa awamu, si maswali mazuri.

Kama mambo yameshaharibika

Mzazi anayesoma haya akiwa na kijana mwenye sapu tayari asione amechelewa. Sapu ni nafasi ya pili, na wengi huivuka. Mazungumzo ya kwanza yawe mafupi na yaanze hivi: “Nimejua. Sijaja kukugombeza. Nataka tuone tunatokaje hapa.” Kisha maneno matatu ya kujua: masomo gani, tarehe gani, na alama ngapi zinatakiwa. Hasira ipo, na ni haki yako, lakini inaweza kusubiri hadi mtihani wa marudio upite.

Kwa aliyekatishwa masomo, pia kuna njia. Kanuni za vyuo zinatofautiana, lakini wengi wanaweza kuomba upya, kuanza ngazi ya stashahada au kwenda ufundi. Kijana anayejua anaweza kurudi nyumbani akasema ukweli atakuwa hai na mwenye nguvu ya kuanza tena. Asiyejua hilo ndiye anayebaki mjini mwaka mzima akijifanya anasoma.

Wiki hii, kabla ya kutuma vocha au fedha ya matumizi, mpigie. Usimuulize kama masomo yanaendelea vizuri. Muulize somo gani linampa shida, kisha nyamaza hadi amalize kujibu. Mkubaliane siku ya kuzungumza tena, uiandike mahali utakapoiona. Na siku hiyo ikifika, piga.